Nyumba ya Elverhøj: Makumbusho ya Wadenmark katika Nchi ya Ugeni



Katika mazungumzo haya twapenda kuwachukueni mpaka nchi ya mbali, katika jimbo la California, upande wa magharibi wa Marekani, tukaizuru nyumba moja ndogo. Si jumba la mfalme, wala haina hazina ya dhahabu. Ni nyumba iliyojengwa na mtu na mkewe ili wakae humo, na baadaye ikafanywa makumbusho ya watu waliotoka Denmark na kuhamia huko. Jina lake ni Elverhøj, nayo iko katika mji mdogo uitwao Solvang.

Labda wako watakaouliza: sisi na Wadenmark tuna habari gani, hata tuchukue dakika hizi kuwatazama? Jibu letu ni hili. Jambo lililomo katika nyumba hiyo si la Wadenmark peke yao. Kila taifa lina siku yake ya kuulizwa ni kitu gani cha wazee kibaki, ni kipi kiachwe kipotee, na ni nani mwenye haki ya kuamua. Wengine huulizwa swali hilo wanapohama. Wengine hawahami hata hatua moja, lakini ulimwengu hubadilika mbele ya mlango wao, na swali huwa ni lile lile.

Kwanza tuijue nchi walikotoka. Denmark ni nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya. Sehemu yake moja ni rasi iitwayo Jutland, na sehemu nyingine ni visiwa, zaidi ya 400 kwa hesabu. Haina milima, mahali palipo juu kupita pote hapafiki mita 171 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyezoea kuiona Kilimanjaro angepaita mahali hapo kichuguu. Watu wake katika karne ya 19 walikuwa wakulima, wavuvi na mabaharia. Mwaka 1801 walihesabiwa wakawa kiasi cha 930,000. Miaka mia baadaye walikuwa karibu milioni mbili na nusu. Ardhi haikuongezeka pamoja nao. Mkulima mwenye wana watano aliweza kumwachia shamba mwana mmoja, na wanne waliosalia wakawa vibarua wa watu wengine. Wasikilizaji wetu wa Uchagani, wanaojua taabu ya kukigawanya kihamba kwa ndugu wengi, hawahitaji maelezo zaidi.

Tena palikuwa na vita. Mwaka 1864 Denmark ilipigana na Prussia na Austria, ikashindwa, ikanyang'anywa majimbo ya kusini. Maelfu ya Wadenmark wa majimbo hayo walijikuta wako chini ya serikali ngeni, na vijana wao wakatakiwa kuingia katika jeshi la wale waliowashinda. Wengi waliona ni afadhali kuvuka bahari. Kwa sababu hizi na nyinginezo, watu kama 300,000 waliiacha Denmark wakaenda Marekani kabla ya mwaka 1930. Wengi wao walikwenda katika majimbo ya katikati kama Iowa na Nebraska, wakalima nafaka na kufuga ng'ombe, wakavumilia baridi kali ya huko.

Sasa twafika kwa watu walioujenga mji wa Solvang. Walikuwa wachungaji wawili wa Kilutheri, Benedict Nordentoft na Jens Gregersen, pamoja na mwalimu mmoja, Peder Hornsyld. Watu hawa waliona kwamba watoto wa Wadenmark wametawanyika katika nchi kubwa kama chumvi iliyomwagwa majini, nao watayeyuka. Basi wakaunda shirika, wakatafuta nchi yenye jua na rutuba, na mwaka 1911 wakaanzisha makazi yao katika bonde la Santa Ynez, juu ya ardhi ya karibu eka 9,000. Wakaliita jina lake Solvang, yaani konde lenye jua.

Zingatieni jambo walilolifanya kwanza. Katika mwaka ule ule wa 1911, kabla mji haujawa mji, walifungua shule. Mwaka 1914 wakajenga shule kubwa zaidi juu ya kilima, wakaiita Atterdag. Haikuwa shule ya kuwapa watu hati za kazi. Ilikuwa ni ile aina ya shule iliyoasisiwa kwa mawazo ya N. F. S. Grundtvig, mchungaji na mshairi wa Denmark aliyeishi tangu 1783 hata 1872. Grundtvig alisema kwamba mwana wa mkulima anastahili kusoma historia, nyimbo na lugha ya kwao, na kuzungumza na mwalimu wake kama mtu na mtu, si kukaririshwa maneno na kuogofishwa kwa mtihani. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Baada ya vita vya 1864 mji wa Rødding ukawa upande wa adui. Walimu wakavuka mpaka mpya, na mwaka 1865 wakaanza tena katika mji wa Askov. Kwa hiyo Wadenmark walikwisha kujifunza kwamba kiwanja huweza kunyang'anywa na majengo yakaachwa, bali shule yenyewe huhamishika pamoja na watu wake.

Basi na tuingie nyumbani. Mwenye kuijenga alikuwa Viggo Brandt-Erichsen, mchonga sanamu na mchoraji aliyezaliwa Denmark. Kabla ya kufika Solvang alikuwa amekaa katika mji wa Jaffrey, jimbo la New Hampshire, na huko alichonga katika jiwe kubwa ukumbusho wa askari wa Vita Kuu ya kwanza. Mkewe, Martha Mott, naye alikuwa mchoraji. Karibu na mwaka 1950 waliijenga nyumba hii kwa kufuata mfano wa nyumba za wakulima wa Jutland za karne ya 18. Jina lake walilitwaa katika mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Johan Ludvig Heiberg mwaka 1828, na maana yake ni Kilima cha Vibwengo. Mchezo huo unapendwa sana na Wadenmark, na mwisho wake huimbwa wimbo wa heshima ya mfalme wao.

Mlango wa mbele ni wa mbao, umechongwa kwa mkono. Mtu wa Lamu au wa Unguja akisimama mbele yake atafahamu mara moja kwamba ameingia katika nyumba ya watu wenye kufikiri kama wazee wake: kwamba mlango ni uso wa nyumba, na mgeni hapaswi kukutana na mbao tupu. Nakshi zake si zetu, lakini heshima ni ile ile. Ndani, mbao na vyuma vimefanyiwa kazi na mikono ya wenyewe, na jikoni mmetiwa rangi na michoro kwa mtindo wa nyumba za mashamba za Denmark. Msanii huyu hakuitenga kazi ya sanaa na kazi ya kukaa. Sanaa yake ilikuwa katika kuta alizoegemea na mlango alioufungua kila asubuhi.

Mwaka 1988 nyumba ilifunguliwa kuwa makumbusho. Chumba kimoja kinaeleza, kwa picha na vyombo, jinsi mji ulivyoanzishwa. Vyumba vingine vina kazi za mikono zilizotoka nchi ya kale, na ukumbi mmoja umewekwa kwa ajili ya sanaa za watu walio hai, nazo hubadilishwa mara kwa mara. Sisi twaliona jambo hilo la mwisho kuwa ni la busara, kwa kuwa makumbusho yasiyopokea kitu kipya hugeuka kuwa ghala.

Tutazame vitu vitatu tu.

Cha kwanza ni viatu vya mti. Wazee wetu wa pwani walikuwa na mitalawanda, kipande cha mti chenye msuruaki wa kushikwa kwa vidole, kwa kuendea kisimani na chooni ili mguu usiguse tope. Wadenmark nao walikuwa na tope, tena tope la barafu. Kwa hiyo walichonga kiatu cha kufunika mguu, wengine mti mtupu, wengine soli ya mti na ngozi juu yake. Kiatu hiki hakikuvaliwa kwa pambo. Kilikuwa kiatu cha zizini. Leo watu hukinunua Solvang kwa kukitundika ukutani, lakini cha makumbusho kinaeleza alikotoka mwenye kukivaa na kazi aliyoifanya.

Cha pili ni lesi. Katika Jutland ya kusini, hasa kandokando ya mji wa Tønder, wanawake katika karne za 17 na 18 walifuma lesi nyembamba kwa kutumia mto, pini, na vijiti vingi vyenye nyuzi. Kila kijiti hupitishwa juu ya mwenzake, na kosa la kijiti kimoja huharibu ua zima. Walioshona kofia za viua, tundu kwa tundu, wanaijua subira hiyo. Lesi hiyo ilivaliwa na matajiri, na mara nyingi aliyeifuma alikuwa mwanamke maskini aliyekaa karibu na dirisha ili apate mwanga. Ni vema kuikumbuka mikono hiyo tunapousifu uzuri wa kazi.

Cha tatu ni karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Hans Christian Andersen, msimulizi maarufu wa hadithi aliyeishi tangu 1805 hata 1875, alikuwa na desturi ya kukunja karatasi na kuikata huku anasimulia. Hadithi ilipokwisha, aliikunjua, na watoto wakaona wachezaji, miti na majumba. Watoto wa Denmark wana mchezo wao pia wakati wa Pasaka. Hukata barua yenye urembo, wakaandika shairi fupi, lakini mahali pa jina hutia nukta tu, nukta moja kwa kila herufi. Anayepokea hutakiwa kumjua mwenye kuandika. Asipomjua, hudaiwa yai. Wanafunzi mnaosikiliza, mwaweza kulijaribu jambo hili shuleni bila gharama yoyote isipokuwa karatasi na mkasi.

Sasa tutoke nje, tuutazame mji wenyewe, maana hapo pana fundisho. Mgeni akifika Solvang huona vinu vya upepo, mapaa marefu, na nyumba zenye mihimili ya mbao iliyojitokeza kutani. Husema, Wadenmark wa kwanza walijenga hivi. Sivyo. Nyumba nyingi za miaka ya kwanza zilikuwa nyumba za kawaida za California. Kanisa la Bethania, lenye mfano wa jahazi ulioangikwa darini kama ilivyo desturi ya makanisa ya Denmark, lilijengwa mwaka 1928 kwa mtindo wa kwao. Lakini sura ya mji mzima iligeuzwa hasa baada ya Vita Kuu ya pili, na baada ya gazeti mashuhuri la Marekani, The Saturday Evening Post, kuandika habari za Solvang mwaka 1947. Wageni wakaanza kuja kwa wingi, na wenye maduka wakafahamu kwamba wageni wataka kuiona Denmark. Basi wakawajengea.

Hatusemi kwamba walifanya vibaya. Watu wanataka kula, na biashara ya wageni imewalisha. Lakini tulinganishe mambo mawili. Vinu vilizidi mjini, lakini ile shule ya Atterdag juu ya kilima ilipungukiwa na wanafunzi wake, na mwaka 1970 jengo lake lilibomolewa. Watoto walikuwa wakisema Kiingereza. Kwa hiyo kitu kilichoonekana kutoka barabarani kiliongezeka, na kile kilichokuwa kiini cha mji kikaondoka. Ndiyo maana nyumba ya Elverhøj ina kazi. Inawakumbusha wenyeji kwamba babu zao hawakuja kujenga vinu vya kupigwa picha. Walikuja kujenga shule.

Tena kuna jambo ambalo hatuwezi kuliruka, ingawa ni zito. Bonde la Santa Ynez halikuwa tupu. Wenyewe walikuwa Wachumash, na jamii ya hapo ilisema lugha iitwayo Kisamala. Mwaka 1804 mapadre wa Kihispania walijenga misheni ya Santa Inés mahali hapo, na majengo yake yako hata leo ndani ya mji wa Solvang. Wachumash walifanyizwa kazi, wakapatwa na maradhi yaliyowaua kwa wingi, na mwaka 1824, baada ya kijana wao mmoja kupigwa viboko, waliasi. Mwaka 1845 serikali ya Mexico iliwapa watu wengine sehemu kubwa ya ardhi hiyo, na mwaka 1848 California ikawa mali ya Marekani. Wadenmark waliponunua eka zao karibu 9,000, waliinunua kwa haki kutoka kwa wenye hati. Lakini hati hizo hazikuanzia kwa Wachumash. Wao waliwekewa mwaka 1901 eneo dogo la kukaa, kama eka 99 tu. Hivyo mkimbizi wa kunyang'anywa nchi kule Ulaya alipata kwake penye nchi iliyonyang'anywa mwingine.

Na sasa sikilizeni habari za mama mmoja, María Solares, Mchumash wa bonde hilo, aliyefariki mwaka 1923. Alikuwa mmoja wa watu wa mwisho walioijua barabara lugha ya Kisamala. Mtaalamu wa lugha, J. P. Harrington, alikaa naye akaandika maneno yake, hadithi zake, majina ya mimea na ya mahali. Karatasi zile zilikaa miaka mingi bila kusomwa na watu wake. Baadaye zilichukuliwa zikashughulikiwa, na mwaka 2008 kamusi ya Kisamala ikachapishwa, kwa kazi ya jamii ya Wachumash wa Santa Ynez na mtaalamu Richard Applegate. Na watoto wakaanza kufundishwa. Wadenmark wa Solvang walikuwa na nchi nyuma yao ambamo lugha yao ingali ikisemwa na mamilioni. Mjukuu aliyeisahau aweza kusafiri akaisikia sokoni. Mchumash hakuwa na soko lingine la kwenda. Alichokuwa nacho ni mama mmoja aliyekubali kuulizwa, na mtu mmoja aliyeandika kwa uangalifu.

Wazee wetu husema, mwacha asili ni mtumwa. Twaiamini methali hiyo, lakini na tuongeze kwamba si kila aliyepotewa na asili aliiacha mwenyewe. Wengine waliibadili kidogo kidogo kwa hiari, ili watoto wapate kazi. Wengine waliporwa. Makumbusho yenye haki yatueleze tofauti hiyo, wala yasitandike lesi juu yake.

Je, mawazo ya Grundtvig yalifika kwetu? Yalifika, kwa njia ya kuzunguka. Kutoka Denmark yalikwenda Sweden, na huko shule za namna hiyo zilianza mwaka 1868. Mwalimu Julius Nyerere alizipenda, na mwaka 1975 Tanzania, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo watu wazima waliokosa shule wameweza kujifunza humo kazi za mikono, kilimo na mambo ya nchi yao. Kwa hiyo msikilizaji aliyejifunza useremala au ushonaji katika chuo kimojawapo cha vyuo hivyo ni jamaa wa mbali wa wanafunzi wa Atterdag.

Na makumbusho pia tunayo. Katika Dar es Salaam kiko Kijiji cha Makumbusho, ambamo zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali. Karibu na Mwanza, Bujora, yako makumbusho ya Wasukuma yenye ngoma za watemi. Lakini Elverhøj inatufundisha kwamba haitupasi kungoja jengo kubwa la serikali. Ilikuwa nyumba ya watu wawili. Shule ya kijiji yaweza kuanza na rafu moja.

Basi twawapeni kazi, ninyi wanafunzi hasa. Mwendeeni bibi au babu, mkamwombe awaonyeshe kitu kimoja ambacho hakitengenezwi tena kijijini: mtungi, kinu, kiti cha mbuzi, ungo, mtego wa samaki. Msikichukue. Ulizeni maneno matano, mkayaandike kwa wino: kinaitwaje kwa lugha ya kwenu, nani alikitengeneza, kwa mti gani au udongo gani, na uliotoka wapi, kilitumiwa kwa kazi gani, na kwa nini kiliachwa. Andikeni na jina lake anayewajibu, na tarehe. Chombo chenyewe chaweza kuliwa na mchwa, lakini majibu yale yakiwa katika daftari mbili, moja nyumbani na moja shuleni, hayapotei upesi.

Wala msiogope kuandika jibu la swali la tano hata likiwa chungu. Bibi akisema, tuliliacha jambo hili kwa sababu tulichekwa, andikeni hivyo. Akisema, tulikatazwa, andikeni hivyo. Akisema, tuliliacha kwa kuwa lilikuwa taabu tupu na ndoo ya bati ni nyepesi kuliko mtungi, basi hilo nalo ni kweli, nalo lina haki ya kuandikwa. Msimwendee usiku amechoka. Mwendeeni mchana, mkamsaidie kwanza kazi aliyonayo mkononi, ndipo mwulize.